Karatasi Haikuuliza Mikono

Laini ya Nne, Shamba la Majani, Kericho
14 Mei 1972

Ndugu yangu Momanyi,

Sasa hivi, kabla sijaandika hata jina lako, Nyanchama amechomoa kile kizibo cha mashine ya kusikia kwa sikio lake akakitia kwa sikio la nyanya yake, ambaye alikuwa amelala kwa kiti mdomo wazi. Mashine ikapiga filimbi, fiiii! Mama mkwe akaruka, akamwita Yesu na akamwaga uji. Mtoto amecheka mpaka ameketi chini. Kama karatasi hii ina doa hapa juu, ujue ni uji.

Basi nikusalimu sasa. Habari ya Nairobi na ya chuo? Sisi ni wazima, mvua hainyamazi, majani ya chai yanaota kuliko vidole vya kuyachuna. Mama ametuma neno kutoka Nyamira kwamba mguu umepungua kuvimba. Ng'ombe wake amezaa ndama dume kwa hivyo amenuna. Baba Nyanchama bado yuko kiwandani kwa mashine za kusaga. Anakusalimu, ama nafikiri anakusalimu. Nilimwambia, "Nimsalimie Momanyi?" akanijibu, "Ndiyo, niongeze kidogo."

Sasa maneno yako. Ulipoleta hii mashine mwezi wa tatu uliniambia ni kazi ya utafiti, watoto kumi na wawili wasiosikia, mama zao waandike kila siku kwa karatasi. Nilikubali kwa furaha kwa sababu ni wewe, na kwa sababu tangu ile homa imchukue Nyanchama masikio sijawahi kuona mtu mwenye elimu akiketi chini naye na kumwangalia usoni. Lakini Momanyi, karatasi ngapi! Alisikia nini. Umbali wa hatua ngapi. Alielewa maneno mangapi. Mimi niliacha shule darasa la tano na nikitoka kuchuna majani mgongo umekatika, halafu nianze kupima hatua kutoka kwa kuku hadi kwa mtoto?

Jambo lingine nikuambie usikasirike. Mama mkwe alikuwa anaiweka mashine kwa sanduku, pamoja na leso yake mpya, inavaliwa Sabato tu. Anasema kitu cha thamani hivyo hakivaliwi kwa matope. Nimepigana naye wiki mbili. Sasa inavaliwa kila siku ila imefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Nimetia karatasi za wiki nane ndani ya bahasha. Anaelewa maneno ishirini na sita. Nyanya yake Bilhah anakusalimu bila kucheka.

Ni mimi dada yako,
Bosibori


Nairobi, 3 Juni 1972

Dada mpendwa Bosibori,

Nimefurahi kupata barua yako na doa lake. Mimi ni mzima, ila chumba ninachopanga kinavuja na mwenye nyumba anasema ni hewa safi. Mwambie mama auze huyo ndama asinune.

Dada, nimesoma habari ya sanduku mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Sabato tu? Mtoto anahitaji kuivaa kwa muda wa saa kumi kila siku! Sikio lililolala miaka miwili haliamki kwa ibada moja kwa wiki. Na hiyo nailoni itoe. Inakwaruza kwenye kipaza sauti na mtoto hasikii kitu kingine isipokuwa nailoni. Ndiyo maana mashine inapiga filimbi pia, kizibo kinalegea kila mtu anapokichezea.

Nakukumbusha yale masharti. Ongea naye karibu na kifua, mahali mashine ipo, kwa sauti ya kawaida. Usipige kelele. Lugha moja tu. Najua hapo kwa laini za wafanyakazi mnaongea Kiswahili, Kikisii na Kikipsigis kwa sentensi moja, lakini kwake chagua moja. Na mikono ikae chini. Hili Profesa wetu analisema kila Jumatatu: mtoto akizoeshwa mikono, mdomo unakuwa mvivu na sikio halina kazi. Utafiti wetu wote umesimama hapo. Tunataka kuona mashine na sauti ya mama vinaweza kufanya nini peke yao.

Maneno ishirini na sita kwa wiki nane! Watoto wengine wana sita, wana tisa. Nilionyesha Profesa, akasema, "Huyo mama ana nini?" Nikajibu ana kichwa kigumu, ni dada yangu.

Endelea hivyo hivyo.

Nduguyo,
Momanyi


Laini ya Nne
25 Juni 1972

Ndugu yangu,

Natumaini barua hii itakukuta vizuri na chumba kimeacha kuvuja. Hapa nailoni imetoka. Mama mkwe hakuongea nami siku tatu, nikapumzika. Jirani yetu Chelimo amejifungua msichana, ametuletea maziwa ya kibuyu, nasi tumempelekea ndizi.

Nilichoma barua mbili kabla ya hii. Nisikilize mpaka mwisho.

Nyanchama haelewi maneno ishirini na sita kwa sikio. Kwa sikio anajua ngoma ya kanisa, honi ya lori la majani, na mvua ya mawe ikipiga mabati, hapo anacheka na kushika mashine kifuani kama imemtekenya. Hizo tatu ni kweli kabisa, ningeziapia. Mengine yote anaelewa kwa mikono.

Si mimi niliyemfundisha. Ni baba yake, Atuti. Kwa chumba cha mashine za kusaga hakuna mtu anasikia mwingine, hata ukimpigia kelele ndani ya sikio, kwa hivyo wanaume wa pale wanaongea kwa mikono kutoka ukuta huu hadi ule. Wana "simamisha", wana "maji", wana "njaa", wana "leo mshahara", wana "huyo anadanganya". Wana mkono juu ya tumbo kubwa, maana yake nyapara anakuja, jifanye unafanya kazi. Atuti akirudi nyumbani anaendelea tu, na mtoto ameshika yote. Mama mkwe akitokea mlangoni, Nyanchama ananitazama na kuweka mkono juu ya tumbo. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikatoka nje.

Sasa ulipokuja na masharti ya mikono chini niliogopa. Nilifikiri nikikuambia utamtoa na utachukua mashine. Karatasi yako iliuliza, "Je, mtoto alielewa?" Nikamwambia lete kikombe, nikamwonyesha, akaleta kikombe. Nikaandika ndiyo. Karatasi haikuuliza ameelewa kwa sikio ama kwa jicho. Hiyo ni makosa yangu na ni makosa ya karatasi pia, nakuambia wazi.

Na kuna jambo lingine ambalo sijaambia mtu. Atuti mwenyewe hasikii. Si kama Nyanchama, lakini nikimpa mgongo nikaongea, hajibu. Anamwongelesha mtoto kwa mikono kwa sababu ni raha yake pia. Hapo ndipo hajifanyi. Nimewaona jioni wakiketi kwa ngazi wakipiga hadithi wawili hao, na mimi mwenye masikio mawili mazima ndiye nilikuwa nimeachwa nje.

Tafadhali usipeleke hizo namba popote kabla hujanijibu. Atuti anashuka Kericho kesho, ataitia posta yeye mwenyewe.

Bosibori


Nairobi, 12 Agosti 1972

Dada mpendwa,

Kimya chako kimekuwa kirefu, nafikiri ni msimu wa majani. Hata karatasi hazijafika tangu mwezi wa sita, lakini nakusamehe kwa sababu nina habari.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa madaktari. Profesa aliniambia nisome matokeo mimi mwenyewe. Dada, nilivaa tai! Nilisimama mbele ya watu themanini nikaeleza watoto kumi na wawili, na nilipofika kwa mtoto wa tisa, ndiye Nyanchama wetu ingawa jina halitajwi, walianza kuandika. Mmoja alisema hajawahi kuona mtoto aliye kiziwi kiasi hicho akipata maneno haraka namna ile kwa mashine ndogo.

Kuna zaidi. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya viziwi ya misheni, upande wenu huko. Amesema atakuja kumwona mtoto wiki ya mwisho ya Oktoba, na akiridhika, Januari Nyanchama anaingia darasani. Nafasi ni moja.

Niambie kama umefurahi. Mimi nimelia kidogo chooni.

Momanyi


Laini ya Nne
20 Agosti 1972

Momanyi,

Sisi ni wazima. Wewe je? Mama mguu umevimba tena. Salamu zimeisha.

Nilisoma barua yako nimesimama kwa ofisi ya karani na majani mgongoni, nikaona giza. Nilikuandikia! Tarehe ishirini na tano mwezi wa sita nilikuandikia kila kitu na nikakuambia usipeleke hizo namba popote! Nikaenda nyumbani mbio, nikapekua koti la Atuti la Sabato, na hiyo barua ilikuwa mfuko wa ndani, imefunguliwa, imekunjwa vizuri, imekaa wiki nane kama mashine kwa sanduku la mama yake. Watu hawa na kuweka vitu!

Aliporudi kutoka kazini niliiweka mezani.

"Hii ni nini?"

Akaangalia. "Nilisahau."

"Umesahau na umefungua?"

"Umeandika habari yangu," akasema. "Umeandika sisikii."

"Na unasikia?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa nimegeuka kwa jiko. Hakujibu. Nikageuka, nikarudia, akasema, "Usinipime kama mtoto, mama Nyanchama. Nikiandikwa kwa karatasi ya daktari kwamba nimeziba, wataniondoa kwa mashine. Kipkosgei tuliyefanya naye kazi walimwondoa. Alirudi kwao Chebunyo na wanawe sita."

"Na ndugu yangu je? Amesimama mbele ya watu themanini akasema uongo wangu, na tai shingoni!"

"Ndugu yako ana elimu. Ataanguka, atainuka. Mimi nikianguka tunaanguka wote wanne."

Mama mkwe akaingilia, "Kelele za nini, majirani watasikia." Nyanchama alikuwa anatutazama, huyu, yule, huyu. Halafu akaja akashika mkono wangu na mkono wa baba yake, akaitua chini yote miwili. Kwa mikono yao ya kiwandani hiyo ni "zima mashine". Tukanyamaza. Sikumsamehe, nilinyamaza tu.

Barua ile ya Juni naitia humu ndani pamoja na hii. Nimeipeleka posta kwa miguu yangu. Isome, halafu unitukane. Lakini ukimaliza kunitukana niambie la kufanya na huyo mwalimu, kwa sababu mtoto hawezi kurudi nyuma mimi nikiona. Amezoea mashine. Juzi betri iliisha akaja akaniwekea mkono wangu juu ya kifua chake ili nijue kwamba kumenyamaza.

Bosibori


Nairobi, 17 Septemba 1972

Kwa Bosibori,

Nimepata zote mbili. Nimekaa nazo siku kumi na tisa kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika kitu ambacho mama hangependa.

Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alivua miwani akaifuta, akaniuliza karatasi ile ya maswali iliandikwa na nani. Niliiandika mimi. Akasema basi mama huyo amejibu swali aliloulizwa. Halafu akaniambia niwatembelee wengine wote kumi na mmoja nikaulize upya. Nimefika kwa saba. Watatu mikono yao inaongea kama maji, na mama zao walinificha kama wewe, walikuwa wanaikalia nilipokuja! Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe ulikuja mwezi mara moja. Mimi niko na yeye kila siku, ningekaa naye kimya?" Nimerudi nikiwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitoi.

Usiniulize habari yangu na chuo.

Sasa sikia. Mtoto wako ametoka kwa utafiti, hilo haliwezi kurekebishwa. Mashine ni ya utafiti na inatakiwa kurudi mwisho wa Oktoba. Lakini mwalimu akimpokea, mtoto ataingia shuleni na mashine mwilini mwake, hivyo ndivyo nilivyoomba na hivyo ndivyo nilivyokubaliwa. Kwa hivyo yote mawili, mashine na shule, yako kwa huyo mwalimu na siku hiyo moja.

Shule ile haitaki mikono. Wanafundisha kwa mdomo. Nakuomba, na ninajua ninachokuomba baada ya haya yote: saa moja tu, mikono ya Nyanchama ikae chini. Mwonyeshe ngoma, mwonyeshe honi. Hizo ni kweli. Mengine usiyaseme.

Na Atuti aende hospitali ya misheni Kaplong apimwe. Simlazimishi. Mwambie hakuna atakayemwandika kwa karatasi yangu.

Momanyi


Laini ya Nne
26 Oktoba 1972

Ndugu yangu Momanyi,

Nakuandikia kwa dirisha nikingoja gari la mwalimu. Nimeomba ruhusa ya siku moja, nyapara amekubali akinung'unika. Natumaini una afya na kwamba unakula, maana mama anasema picha uliyotuma ni ya shingo na tai peke yake. Mguu wake umepona. Mtoto wa Chelimo ameota jino.

Atuti amekwenda Kaplong. Nilifikiri ningemburuta, lakini aliamka mwenyewe. Wamempata hasikii tena sauti nyembamba kabisa, nene ndizo zimebaki. Akaogopa siku mbili, ya tatu akaenda kumwambia nyapara, palepale chumbani mashine zikilia, kwa mikono. Unajua nyapara alimjibu nini? Alijishika sikio lake mwenyewe na kutikisa kichwa, yaani hata yeye hasikii. Hakuna aliyemfukuza mwingine. Atuti alinieleza hayo akicheka, nami nilitaka kumpiga na mwiko kwa zile wiki nane.

Sasa habari ya saa moja uliyoniomba.

Nilijaribu. Nisikufiche tena kitu, tulijaribu wiki nzima. Mama mkwe alileta sweta ya Atuti akamvalisha, mikono ikapotea ndani mpaka magotini, akasema, "Haya, sasa amekuwa wa shule." Nyanchama alikubali. Hakulia. Alikaa kwa ngazi ndani ya hiyo sweta akitazama baba yake anavyokuja kutoka kiwandani, na baba yake alipomwongelesha kwa mikono kutoka mbali, hakujibu. Alitazama tu. Momanyi, kuna kimya nilikizoea, kile cha baada ya homa. Hiki kilikuwa kingine. Hiki nilikifanya mimi.

Jana jioni nilikunja hiyo mikono ya sweta mara nne mpaka vidole vikatoka. Mama mkwe akasema, "Unatupa shule kwa matope." Labda. Mimi nataka hiyo shule kuliko yeye, nataka mtoto ajue kusoma kupita darasa la tano, na nataka hiyo mashine ibaki kifuani mwake mvua ya mawe ikinyesha. Nataka yote. Lakini mwalimu akimchukua mtoto wa sweta, atakuwa amemchukua mtoto ambaye hayuko, na mimi nimechoka kuandika mtoto ambaye hayuko. Wewe pia umechoka, hata ukisema nisiulize.

Kwa hivyo nitamwambia mwenyewe, ngoma ni kweli, honi ni kweli, na mikono ni kweli. Akikataa nitakurudishia mashine kwa basi la Jumapili nikiwa nimeifunga vizuri, si kwa nailoni. Usinikasirikie sana. Na ukiandika karatasi nyingine ya maswali, niletee kwanza mimi niisome, nitakuambia mahali ambapo mama atajificha.

Gari limefika. Ni mama wa makamo, ana mkoba mkubwa, amevaa viatu vya mjini kwa matope haya. Nilikuwa nimepanga nimpokee mimi lakini Nyanchama ameshatoka, amesimama mbele yake kabisa, anamwuliza kitu kwa mikono yote miwili bila aibu yoyote. Mama mkwe amejifunika uso na leso. Chelimo ananiita kutoka uwanjani, "Mama Nyanchama, wacha hiyo barua, kuja haraka!" Naja, naja. Mwalimu hajakasirika, hajacheka pia. Ameangalia nyuma kwa dereva, ameangalia huku na huku kama mtu anayetaka kujua ni nani anamwona, sasa ameweka mkoba chini kwa nyasi, na mikono yake inainuka kumjibu